Chui Aliyesema Kilio ni Mlio wa Bawaba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kutia milango, kijiji chao kilikuwa na sheria moja tu: ukisikia yowe, unatoka. Hata kama unakula unatoka, hata kama umegombana na huyo anayelipiga. Na wewe unayetafuna muhogo hapo nyuma, tafuna taratibu, sitaki kurudia maneno.

Sheria hiyo ilimkera Chui. Kila akikamata mtoto wa mtu, yowe lilipigwa, Nyati akatokea na mapembe yake, Ngiri akatokea na meno yake, na Chui akalala njaa. Basi akakaa akafikiri, maana alikuwa fundi wa hoja, kisha akaita baraza.

"Jirani zangu, tunasumbuana bure," akasema. "Sisi wakubwa tuna akili. Tukilia, tunalia kwa sababu. Hawa wadogo hawana akili. Wakilia, ni kama mlango wangu ukifunguliwa: kwiiii. Nani kati yenu ameshawahi kuupa mlango pole?"

Ngiri akacheka. Nyati akajikuna sikio. "Lakini Mzee, hao wadogo husema kabisa kwamba wanaumia."

"Kasuku naye husema. Sauti peke yake si kitu, Bwana Nyati. Mwenye akili hainuki kitini kwa ajili ya sauti."

Nyati alikuwa amechoka kuinuka kila mara. Ile hoja hakuielewa vizuri, ila ilimpa nafasi ya kupumzika, kwa hiyo akaiona ni ya kweli. Wakakubaliana.

Kesho yake Chui akamkamata Tunu, mtoto wa pekee wa Bi Digidigi, aliyekuwa akichuma mboga ya mgagani nyuma ya nyumba. Tunu akapiga yowe. Mama yake akapiga yowe mpaka koo likamkauka. Milango ya majirani ilikuwa wazi, akawaona wameketi.

"Mlango wa nani huo?" akauliza Ngiri. Nyati akatazama chini.

Mnamjua Digidigi nyinyi. Magoti yake hutetemeka hata akiwa ameshiba. Siku hiyo hata kusimama kulimshinda. Alijua kwamba Chui hungoja jua lizame ndipo ale, na jua lilikuwa limeshapita utosini. Alitaka kwenda kumwambia Chui, mimi pia nina akili. Lakini akajiuliza, nikilisema vizuri si ataniita kasuku? Unamjibu nini mtu aliyekwisha kuamua kwamba wewe ni mlango?

Akachukua kibuyu cha mafuta ya nyonyo, akaenda.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi Digidigi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Hapana, Mzee. Nimesikia kwamba kilio changu ni sawa na mlio wa mlango wako. Nikaona kama mlango wenyewe unakusumbua hivyo, bora niutie mafuta, ule chakula chako kwa raha."

Kutoka nyuma ya mitungi ikasikika sauti ya Tunu. "Mama, kamba inabana. Naumia."

Mama yake hakugeuka. Wanangu, siku ile nzima hakuna kilichomwuma kama hicho.

Chui alifurahi, maana mwenye hoja hufurahi sana akiona aliyeshindwa anaikubali. "Bawaba ziko upande wa ndani," akasema. "Pita."

Sasa sikilizeni. Mlango wa Chui ulikuwa wa mninga, mzito, na bawaba zake zilishika kutu. Ulijifunga polepole mno, kwiiii, Chui akiwa ameshafika katikati ya uwanja. Ndiyo maana alizoea maringo. Alikuwa akitoka nje huku mkia unaburuzika nyuma kizingitini, wala hageuki kuutazama. Digidigi akatia mafuta bawaba ya juu, akatia ya chini.

"Tayari, Mzee. Hebu toka, usikilize kama utalia."

Chui akatoka, na maringo yake. Digidigi akausukuma mlango kwa kichwa. Paa! Haukulia hata kidogo. Akashusha komeo, mkia ukabaki ndani, Chui mwenyewe yuko nje.

"Yowee! Jirani zangu! Naumia!"

Ngiri akatega sikio. "Huo ni mlango wa Chui. Mbona leo unalia hivyo?"

"Ni mimi! Mkia wangu!"

"Kasuku naye husema," akajibu Digidigi kutoka ndani. "Keti, Bwana Nyati. Sauti peke yake si kitu."

Nyati alikuwa ameinuka nusu. Akabaki hivyo, hajui aketi au asimame.

"Mimi nina akili!" Chui akafoka. "Nitathibitisha. Kwanza kabisa," akaanza, kisha akavuta mkia, na hoja yenyewe hatukuisikia.

Ndani, Digidigi alikuwa anatafuna kamba ya Tunu huku macho yake yako kwenye komeo. Kila Chui alipovuta, komeo lilipinda. Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara. Likivunjika, atapiga yowe kwa nani? Majirani amewaketisha yeye mwenyewe.

"Mzee," akaita. "Sema mbele ya majirani kwamba anayelia anaumia. Sema, nikufungulie."

Chui akapiga hesabu. Akilisema hilo, chakula chake kimekwenda. Akavuta tena. Komeo likafanya ka!

Tunu alikuwa ameshafunguliwa. Akautazama ule mkia uliobanwa, akaanza kulia. "Mama, mfungulie. Anaumia huyo."

Sauti ile ndogo ikatoka nje, wakaisikia wote. Nyati akasimama wima.

"Huyo ndiye tuliyemwita mlango," akasema. Akavuka uwanja, Ngiri akamfuata bila kicheko. Wakasimama huku na huku, mapembe upande mmoja, meno upande mwingine, Chui katikati.

"Anayelia anaumia," Chui akasema kwa sauti ya chini.

"Awe nani?" akauliza Digidigi.

"Awe yeyote."

Digidigi akainua komeo. Akatoka na mwanawe kati ya Nyati na Ngiri, magoti bado yanatetemeka. Nyati alitaka kumpa pole, lakini uso wa kumtazama hakuwa nao.

Basi wanangu, mkisikia mtu analia, tokeni kwanza. Hoja mtazikuta kitini mkirudi.