Yule Anayechukua

Sikilizeni, wapendwa. Kulikuwa na mama mmoja mwenye binti wa miaka minane. Majina siwapi, nawajua nyinyi, mtaanza kuwatafuta mtaani. Binti alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake timamu, maneno yake mazuri, ila mikono ilikuwa mizito. Kijiko kilifika mdomoni kitupu. Kufunga kifungo kimoja cha shati kulimla muda ambao wewe umeshaoga, umevaa na umefika stendi.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni alikuwa amemwambia yule mama, "Nafasi ipo. Mlete Januari. Lakini awe anakula mwenyewe na kuvaa mwenyewe, maana matroni ni mmoja na watoto ni arobaini. Asipoweza, nafasi nitampa mwingine." Hiyo ilikuwa Novemba.

Mama akamtafuta mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Mnamjua huyo? Si mtu wa sindano wala vidonge. Kazi yake ni kuizoesha mikono ya mtoto mambo ya kila siku: kushika kikombe, kuvuta soksi, kufunga shati. Dada yule alikuja nyumbani kila Alhamisi, akaacha mazoezi ya wiki, na kila aliporudi alimkuta mtoto yuko palepale.

"Mazoezi mnafanya?"

"Kila siku, dada. Namkalisha mkekani, anaegemea kifua changu asije akaanguka, tunafanya."

Na hakusema uongo. Walifanya.

Basi mchana mmoja, jua la saa saba, mama yuko jikoni anachambua mchele, akamsikia binti akinong'ona sebuleni. "Ngoja. Ngoja kidogo." Mama akachungulia. Mtoto alikuwa peke yake mkekani, kashika kitana, ameganda, anatazama nyuma ya bega lake. Nyuma palikuwa na ukuta tu.

"Mwanangu, unamwambia nani angoje?"

"Yule anayechukua."

"Anachukua nini?"

"Chochote nikikishika."

"Anafananaje?"

"Uso simwoni. Anakuja kwa nyuma. Naona mikono tu."

"Anakwambia nini?"

Mtoto akafikiri kidogo. "Anasema pole."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama alifunga madirisha mchana kweupe. Tangu siku hiyo akaanza kuyaona ambayo hakuwa ameyaona. Kweli, mtoto hakugusa kitu bila kugeuka nyuma kwanza. Alipotandua kitanda alikuta kijiko na kitana vimefichwa chini ya godoro. Ikawa hata yeye mwenyewe akipita koridoni nywele zinamsimama. Akawaza Januari, moyo ukamwuma. Kama kuna kitu ndani ya nyumba kinamwibia mtoto mikono yake, shule itatoka wapi?

Akawaita wamama wa maombi. Walikuja sita, na chupa ya mafuta. Wakapaka miimo ya milango, wakakemea kona moja baada ya nyingine, chini ya vitanda, hadi kwenye kabati la vyombo. Kisha wakafumba macho wakaomba mpaka sauti zikakauka, na mama, amesimama nyuma ya mwanawe, akaomba kuliko wote. Mwishowe mmoja wao akainama, akamwuliza mtoto kwa upole, "Haya, bibi, ameondoka?"

Mtoto akatazama chini. "Bado yupo. Anaomba na nyinyi."

Nawaona mnacheka. Wale wamama hawakucheka. Walikusanya vitenge vyao na mikoba yao, na chai iliyokuwa imeandaliwa haikunywewa.

Ikafika Alhamisi. Mtaalamu akasimuliwa habari yote. Akaomba kiti kifupi. Akamkalisha mtoto, nyayo zimekanyaga sakafu barabara, viwiko vimetulia juu ya meza, na mbele yake akaweka shati la shule. Akamgeukia mama. "Wewe kaa kule upande wa pili. Kalia mikono yako."

"Niikalie?"

"Ikalie, mama. Leo usimsaidie."

Kifungo cha kwanza kikateleza. Kikateleza tena. Jasho likamtoka mtoto puani. Mama alikuwa anaumia, jamani, msimcheke. Miaka minane ya kumwona mwanao anahangaika si mchezo. Kisha kifungo kikaingia. Mtoto akashtuka, akageuka nyuma kutazama, hakuona mtu. Akashika cha pili. Kikaingia.

Cha tatu kikagoma. Mara nne, mara tano. Mtoto akaguna. Na mama, bila hata kujua kama amesimama, akazunguka meza kama alivyozoea, akaja nyuma ya mwanawe, akasema, "Pole," akanyoosha mikono.

Mtoto akaliachia shati. Akafumba macho, akamwambia mtaalamu kwa sauti ndogo, "Huyo. Amekuja."

Wapendwa, mnajua mama alifanya nini? Aligeuka kutazama nyuma yake.

Hapakuwa na mtu. Akabaki amesimama na ile mikono yake hewani. "Mwanangu," akasema, "ni mimi?"

"Ukikaa mbele yangu wewe ni mama," mtoto akajibu. "Ukija nyuma ni yule."

Mama alilia siku ile, na haki yake. Kisha akarudi upande wa pili wa meza, akaikalia mikono yake mpaka ikafa ganzi, hadi shati lilipofungwa. Lilifungwa kombo, kola upande mmoja juu na mwingine chini. Januari binti alifika shuleni na kola hiyo hiyo, na mama hakuinyoosha.

Sasa tuseme ukweli sisi kwa sisi. Ni mara ngapi tumekemea kila kona ya nyumba, tukajiruka wenyewe? Mtoto wetu hawezi, tunasema, tunamwombea kwa machozi, na huku sisi ndio tunaomnyang'anya kijiko. Tunaiita huruma. Tunasema tunaokoa muda. Yeye anaona mikono tu, na hatambui tena kwamba ni ya mtu anayempenda.

Mchana huu mtapakua chakula majumbani kwenu. Yupo aliyechelewa kidogo, mkono wake unatetemeka, atamwaga mchuzi. Mwacheni amwage. Kaeni mbele yake mle naye, taratibu, hata chakula kikipoa.

Nanyi wamama wa maombi, msinitazame hivyo, nami nilikuwepo siku ile, chupa ya mafuta niliibeba mimi. Tusimame. Leo tusimwombee mtoto kwanza. Tujiombee sisi.