Mwanga wa Soksi Nyeusi

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, maana video za harusi zilikwisha kuingia kwenye kompyuta, alikuwapo Pangani mama mmoja, Bi Khola. Binti yake mkubwa, Zaitun, alifariki mwaka mmoja tu baada ya kuolewa. Sasa mdogo, Salha, naye anaolewa. Bi Khola akataka video moja ya mabinti zake wote wawili, wameketi chini ya mwanga mmoja. Atakayemfanyia hivyo atapewa kanga za Zaitun, doti pekee iliyobaki.

Mwanga wa harusi ya Zaitun ulikuwa kazi ya Tima, mpiga video. Alivuta soksi nyembamba nyeusi mbele ya lenzi, taa zikavaa ukungu na nyuso zikalainika. Siku ya Salha akaitia soksi ileile mkobani. Lakini sherehe ilikuwa ya wanawake pekee, na mlangoni alisimama Riziki, shangazi wa bibi harusi, akikusanya simu ili picha zisisambae. Akamwachia Tima kamera tu, mkoba mzima akaufungia kabatini.

"Shangazi, nina kitu changu cha kazi humo," Tima akamsihi.

"Hakuna mkoba unaopita hapa," Riziki akasema.

Basi Salha akapigwa video kavu, jasho na poda vyote nje.

Kazi ikamwangukia Sauda, mhariri. Yeye mwanga wa Zaitun hajawahi kuuona. Video ile ilikuwa Muheza kwa mume wa marehemu, naye hataki kumpa mtu. Riziki, kwa kujuta, akaenda kuketi barazani kwake siku mbili mpaka akapewa.

Ndipo Sauda akaanza. Akainakili picha ya Salha, akabakiza sehemu zenye mwanga tu, akazitia ukungu, akazilaza juu ya ile ya kwanza. Uso ukawa kama umepakwa sabuni. Akafuta, akaanza upya. Akafifisha weusi wa vivuli, akalinganisha na Zaitun, akafuta tena. Siku ya nne, macho mekundu, mwanga ukakubali kulingana na wa Zaitun, naye akawaunganisha mabinti katika video moja.

Video ikaonyeshwa. Bi Khola alipowaona wanawe pamoja akalia, akamkumbatia Tima. "Mkono wako haujapotea, mwanangu."

Damu ikamchemka Sauda. Kila harusi ni hivyohivyo: aliyeshika kamera ndiye mwenye kazi, na aliyeumia macho kwenye kompyuta hata jina halitajwi.

"Mkono gani, mama?" akasema. "Soksi ilikuwa kabatini. Mwanga huu nimeutengeneza mimi. Kanga ni zangu."

"Umeutengeneza kwa kuiga wangu," Tima akajibu. "Bila mimi ungeiga nini?"

"Na angeigia wapi?" Riziki akadakia. "Nani aliyeshinda na njaa Muheza?"

Sauda akamgeukia. "Shangazi, wewe ndiye uliyetuponza. Ungeachia soksi, nisingeteseka."

"Na ningeachia mikoba, Salha angekuwa kwenye simu za mji mzima."

Bi Khola akazikumbatia kanga. Doti ina vipande viwili, wanaodai ni watatu, naye hataki kutenganisha hata uzi. Basi nyinyi mliosikiliza, amueni. Mngekuwa nyinyi ndio mama yake Zaitun, mngemvika nani kanga zake?