Jina la Mtoto Aliyesubiri Gari

"Gari ni langu, ufunguo niligeuza mimi, na mtoto ataitwa jina la mama yangu!" alifoka Mjomba Shebughe.

"Gari lako lilikuwa limekufa, mjomba!" Sihaba akamjibu. "Ungewasha kiberiti kile, leo tungekuwa tunasoma hitima, si kutoa jina."

Walikuwa wanagombana sebuleni, siku ya kumpa jina binti wa Hidaya. Sikilizeni chanzo chake, kisha mniambie kama hapo kuna haki.

Hidaya alikuwa na mawifi watatu. Sihaba alikuwa na pua: mboga ikiungua kwa jirani, alijua ni mboga gani. Mwajabu alikuwa na sikio: cherehani ikilegea skrubu ndani, aliisikia akiwa uani. Tausi alikuwa na mikono: alitengeneza baiskeli za mtaa mzima, na shukrani aliyopewa ni kuulizwa nani atamwoa na kucha hizo zilizojaa grisi.

Uchungu ulipomshika Hidaya, mumewe alikuwa safarini. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali upesi. Gari lililokuwapo ni lile kuukuu la mjomba. Akageuza ufunguo, likakohoa. Akageuza tena na tena, mpaka betri ikaanza kuchoka.

Hidaya akalia kutoka kiti cha nyuma, "Atakayeliondoa gari hili, mwanangu nampa jina lake!"

Mjomba akafungua boneti. Chini kulikuwa na giza, akatoa kiberiti amulike.

Sihaba akampiga mkono, kiberiti kikaanguka matopeni. "Petroli hiyo! Hunusi?" Akafuata harufu mpaka kwenye mpira wa mafuta unaoingia kwenye kabureta. Ulikuwa umechanika, unadondosha.

"Tokeni hapo, wanawake hamjui gari!" mjomba akasema. Tausi hakumsikiliza. Alikata ncha iliyochanika, akaurudisha mpira na kuubana kwa klipu aliyoivua kwenye jiko la gesi. Gari likawaka, likatetemeka, likazima.

"Si mnaona? Mmeniharibia!"

"Nyamaza, mjomba," Mwajabu akasema. "Lilipokuwa linazima, kuna kitu kilipiga mluzi huku nyuma." Akainama karibu na tangi, akapapasa mpira mwingine. Ulikuwa mkavu kabisa, lakini una ufa. "Huu hauvuji. Unafyonza hewa, mafuta hayafiki."

Tausi akaukata na huo, akauunga upya. Gari likawaka, likatulia, likaondoka. Mtoto alizaliwa salama.

Sasa Sihaba anasema bila pua yake wangeungua wote. Mwajabu anasema bila sikio lake gari lisingetoka uani. Tausi anauliza, "Ninyi mliujua ugonjwa. Aliyeutibu nani?"

Na mjomba? Anazunguka sokoni akijisifu kwamba alilitengeneza mwenyewe, na kwa kuwa mtoto ni wa kike, anadai jina la mama yake badala ya lake! Aliyetaka kuwachoma moto, aliyewafukuza, leo ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Mimi huyo simhesabu. Lakini hata nikimtoa, wanabaki watatu, na jina ni moja.

Ugomvi ulipozidi, Hidaya aliinuka na mtoto kifuani, akasimama mlangoni na kuwatazama wageni waliokaa nje.

"Nywele zimeshanyolewa, pilau mmekula, na mwanangu bado hana jina," akasema. "Nyote mmesikia. Niliahidi, na siwezi kumdhulumu hata mmoja. Haya, ingekuwa ni wewe, ungemwitaje?"