Gari Lililovishwa Viatu

Mama anayeificha homa ya mwanawe kwa kumvalisha sweta jipya amejinunulia siku moja tu. Homa haijui sweta. Itapanda, mtoto ataweweseka, na wale wale waliolisifu sweta ndio watakaouliza, "Ulikuwa wapi muda wote huu?" Hiyo ndiyo maana ya wahenga kutuonya kwamba mficha maradhi, kifo humfichua. Na maradhi si ya mwili peke yake. Hata chuma huugua.

Nyuma ya ghala moja la mbao palikuwa na gereji ambayo marehemu baba aliwaachia watoto wake wawili. Mkubwa alikuwa fundi wa bodi na rangi. Watu walimwita Mng'aro, maana hakupenda kitu kama kuuona uso wake kwenye boneti aliyoipiga rangi mwenyewe. Dada yake alikuwa fundi wa viti. Alikata ngozi na kuishona kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, huku mwanawe mchanga akilala kando yake ndani ya kasha lililotandikwa mabaki ya sponji.

Marehemu hakuwaachia mali. Aliwaachia jina, na desturi iliyolijenga jina hilo. Kila gari la kale alilolifufua, alilipeleka mbele ya mnunuzi bila zulia. "Gari huuzwa peku," alizoea kusema. "Mtu azione nyayo zake kwanza, viatu baadaye." Kwa desturi hiyo wakusanyaji wa magari ya kale walitoka mbali kumfuata.

Sasa walikuwa wanakuja tena, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kulitazama gari la Ulaya la viti viwili, lisilo na paa, jekundu la damu ya mzee. Likiwaridhisha, wangeendelea kuleta magari yao. Lisipowaridhisha, jina la baba lingezikwa na mwenyewe.

Siku ya kuamkia ugeni huo, dada alikuwa amepiga magoti akipima zulia, shazia ikamponyoka. Haikulia ilipoanguka. Ilisimama wima kwenye kizingiti cha chini ya mlango, kama iliyochomekwa kwenye ndizi mbivu. Aliisukuma kwa kidole kimoja, ikazama hadi kwenye tundu lake. Moyo wake ukazama nayo. Gari lenye paa hushikwa na paa lake, lakini lisilo na paa halina uti wa mgongo mwingine ila vizingiti hivyo viwili.

"Kaka, hiki ni nini?"

"Puti," Mng'aro alijibu, akiitaja ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, bila kugeuka, akiendelea kusugua boneti.

"Naiona puti! Chuma kiko wapi?"

"Kilikula chumvi nyingi, kimepumzika." Akacheka peke yake. "Dada yangu, watu hawanunui kizingiti, wananunua rangi. Tandika zulia, yaishe."

"Sitandiki! Uliniapia umechomelea vyuma vipya. Uliapa kwa kaburi la baba! Mtu atakaa humu na mkewe, limkunjikie njiani kama mkeka?"

"Nilisema nitachomelea. Wewe nawe, kelele kama king'ora. Utamwamsha mtoto."

Dada alimkimbilia mama yao, aliyekuwa akikunja nguo barazani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Funika kombe, mwanangu, mwanaharamu apite. Mkiliuza hili, mtanyoosha mengine."

"Mwanaharamu gani, mama? Anayekuja ni mtu aliyemwamini mumeo!"

Mama alikunja shati lile lile mara ya pili.

Asubuhi dada alipofika gereji, zulia lilikuwa limeshabandikwa kwa gundi, pembe zake zimekwenda upogo kama meno ya mbwa mzee. Damu ilimchemka mpaka masikio yakavuma.

"Umelivisha viatu!"

"Na soksi," alijibu Mng'aro.

Papo hapo wageni waliingia. Mbele yao alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya ngozi, aliyewahi kununua gari mkononi mwa marehemu. Alilizunguka lile gari jekundu taratibu, akalisifu, kisha akainama.

"Mbona leo haliko peku?"

"Mambo ya kisasa, mzee wangu," Mng'aro alimwahi. "Bibi harusi hatolewi nje miguu mitupu."

Wageni waliangua kicheko. Mzee hakucheka sana. Alimgeukia dada. Dada alifungua kinywa, akamwona mama yake langoni, mikono ameifumbata kifuani, macho yakimsihi. Aliyameza maneno yake. Yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mng'aro alishika usukani, mzee akaketi kando yake, milango ikafungwa kwa kubamizwa. Gari liliondoka likinguruma kwa madaha, likapanda tuta la langoni.

Kwaa!

Walirudi wakijikokota. Katikati pameshuka, boneti na buti vimeinuka, gari limepinda kama mtu aliyekalia kiti kilichovunjika. Mzee alivuta kitasa. Mlango haukufunguka. Mng'aro aliupiga wake kwa bega, akaupiga tena, jasho likimtiririka.

"Kuna nini?" aliuliza mzee.

"Ni hivi viti!" Mng'aro alipaza sauti. "Dada yangu kavijaza sponji hadi vinasukuma milango. Namwambia, hasikii!"

Hapo mwiba ulitoka kooni.

Dada alifika kwa hatua ndefu, akainama juu ya mlango, akaling'oa zulia kwa kucha zake mpaka gundi ikalia. Akampa mzee shazia.

"Shikamoo, mzee wangu, na uniwie radhi. Choma hapo."

Mzee alichoma. Sindano ilizama hadi kwenye tundu lake. Alipoitoa, vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la kutu.

"Baba yenu angekuwa hai..."

"Asingelivisha viatu," alisema dada. "Na mimi nilijua tangu jana nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote."

Wenzake walimtoa mzee kwa juu, miguu hewani, kofia chini. "Gari gani hili la kurukia ukuta!" mmoja wao alifoka. Wakaondoka bila kuaga, na mama yao akajifunika uso kwa upande wa khanga.

Mng'aro alibaki ameng'ang'ania usukani. "Dada, nisaidie nitoke."

"Uliingia kwa mlango ukisema gari ni zima. Toka kwa mlango."

Mtoto aliamka akalia. Dada alimwinua, akampakata, akambembeleza huku mkono wa pili ukiendelea kung'oa zulia, kipande baada ya kipande.

"Kesho utaleta mashine ya kuchomelea," alisema. "Utakata, utachomelea, nami nitakaa hapa hapa nikikutazama. Siku litakapopona litauzwa peku, au halitauzwa kabisa."

Boneti iliendelea kung'aa vilevile. Lakini kila aliyepita langoni tangu siku ile aliangalia sakafu ya gari tu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba mficha maradhi, kifo humfichua.