Maksai wa Mashamba Saba

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia fundi wake, "Maksai wa mashamba saba hufia njiani," na sasa mwataka kujua huyo maksai alikuwa wa nani. Haya, kaeni. Neno hilo lilizaliwa hivi.

Kijiji cha Mwangongo kilikuwa na mashamba saba na jozi moja tu ya maksai, Radi na Tembo. Wengine wote walikufa kwa ugonjwa. Hao wawili walikuwa na nguvu, msione hivi! Siku moja plau ilinasa kwenye mzizi, wakavuta mpaka mti ukawafuata nyumbani. Mimi mwenyewe nimekaa kivulini mwake. Asiyeamini anyamaze.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Ilipoanguka, wakulima walijua udongo ungebaki laini siku kumi na mbili tu, na shamba moja lilitaka siku nne. Yaani mashamba matatu, basi. Kila mtu aliijua hesabu hiyo, hakuna aliyetaka kuitamka.

Mpanga zamu alikuwa Mzee Limbu, mtu mwema, ila aliogopa kununiwa kuliko alivyoogopa njaa. Akaamua maksai wapite mashamba yote saba kila siku, kila shamba lipate mistari michache.

Siku ya tatu Holo, mjane mwenye watoto wanne, alimkuta shambani kwake akiwaondoa maksai.

"Unawapeleka wapi tena, baba?"

"Kwa jirani yako Shija. Zamu yako imekwisha."

"Mistari mitatu? Wanyama hawa wanatembea kuliko wanavyolima!"

"Kila mtu amepata, mwanangu. Nani kalalamika?"

"Njaa hailalamiki, inaingia tu. Malizeni mashamba matatu, tuvune pamoja, tugawane. La kwangu liacheni."

Mzee Limbu akacheka. "Uliache lako? Hao wanne utawalisha maneno?"

"Nitawalisha cha Shija. Ilimradi kwa Shija kuwe na kitu."

"Nikimaliza la Shija, wengine watasema nampendelea."

"Waseme wakiwa wameshiba, baba."

Hakusikia. Siku ya tisa Radi alipiga magoti njiani, kati ya shamba la nne na la tano, asiinuke tena. Tembo peke yake hakuiweza plau. Watu wakaja, wakamzunguka mnyama. Mzee Limbu akawa anarudia, "Lakini kila mtu alipata. Kila mtu alipata."

Holo akamtazama, akasema, "Maksai wa mashamba saba hufia njiani." Akaenda zake.

Udongo ukakauka. Kila shamba likaota ukanda mwembamba wa mahindi, kama pindo la kanga lisilo na kanga, na ngedere wakaumaliza. Kilicholimwa vizuri mwaka ule ni njia. Kwato ziliichimba mpaka leo mvua ikinyesha hapo hupita mto.

Holo aliwachukua watoto wake wanne akaenda kwa kaka yake, mwendo wa siku tano. Mvua iliyofuata alirudi nao watatu. Hakuna aliyemnunia Mzee Limbu. Walimwamkia vizuri tu hadi alipokufa, na yeye hakuipita tena njia ile.

Sasa mtazameni huyo fundi wa shangazi yenu. Ameanza nyumba tano, asubuhi yuko huku, mchana kule, na masika yamefika hakuna hata moja yenye paa. Shangazi hakumtukana. Alimwambia tu: maksai wa mashamba saba hufia njiani.