Pimbi na Wakuu Watatu wa Mitungi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa nguo na kuoana kwa mahari kama watu, tena wakisengenyana kuliko watu, palikuwa na karakana ya mitungi kando ya mto. Karakana hiyo ilikuwa na wafanyakazi wanne, na kati yao watatu walikuwa wakuu.

Msicheke bado. Sikilizeni.

Bwana Kifaru alikuwa Mkuu wa Wakuu. Bwana Kiboko alikuwa Mkuu wa Udongo. Bwana Nyati alikuwa Mkuu wa Moto. Wa nne ni Pimbi, kanyama kadogo kasikojaza kikapu, mwenye watoto wake huko mawe ya juu na mdomo usiolala. Pimbi hakuwa mkuu wa kitu. Kazi yake ilikuwa kufinyanga, kusugua, kufagia, kusonga ugali wa mchana, na kuitwa.

"Pimbi!"

"Bee!"

"Pimbi, uko wapi?"

"Niko chini ya mguu wako, Bwana Mkuu. Ukiuinua nitakuja."

Wakuu hao walikuwa wamesoma. Alikuja Korongo siku moja kuwafanyia semina, akasimama kwa mguu mmoja mbele yao, akasema: "Karakana nzuri ina mambo matatu. Uongozi! Umoja! Ubora!" Kisha akaona samaki, akaruka zake. Maelezo yakaenda naye.

Basi wakuu wakajielezea wenyewe. Uongozi, wakasema, ni kuwa mbele. Kila asubuhi Kifaru alisimama mbele ya wenzake, tu! Nyati naye akapita, akasimama mbele ya Kifaru. Kiboko akampita Nyati, puu, puu, puu, na tumbo lake. Kifaru akampita Kiboko. Hivyo hivyo, wakipitana, mpaka wote wakajikuta wamo mtoni hadi shingoni, na karakana iko nyuma yao haina mtu. Hapo hurudi, wakaanza upya.

Umoja, wakasema, ni kusema neno moja wote. Na ubora ni kung'aa. Kikishang'aa, kimekuwa kizuri. Mnacheka nini? Hamjaona watu waliosoma hivyo?

Sasa kazi yenyewe. Udongo wa mtungi hukanyagwa mpaka ulainike, ukaokotwa mawe, ukatiwa vigae vilivyosagwa. Kiboko alipouona udongo ule, baridi, laini, unateleza, alifanya nini? Alilala ndani yake.

"Ninaukanda," akasema, macho amefumba.

"Unakoroma, Bwana Kiboko."

"Huko ndiko kukanda kwa ndani. Wewe huwezi kujua."

Mtungi uliofinyangwa hukaushwa, halafu ukachomwa kwa kuni na majani makavu. Nyati alikabidhiwa yale majani. Nyati! Ni kama kumpa paka alinde samaki. Akala majani makavu yote, akala na mabua, akabakiza vijiti viwili vya kuwasha moshi. Mitungi ikatoka motoni mibichi kama ilivyoingia, imebadilika harufu tu.

Halafu hupimwa. Kila mwanamke anajua kupima mtungi: unaugonga kwa kidole kilichokunjwa. Mzima unalia ngee! Mbovu unasema bu. Kifaru hakuwa na kidole cha kukunja, ila alikuwa na pembe.

Ngo!

"Huu umepita!" alisema.

Ulikuwa umepita kweli. Pembe iliingia huku ikatokea huku.

Kila mtungi aliupima hivyo hivyo, mkuu mwenye bidii, na kila mtungi uliopita ulikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Na Pimbi? Msije mkadhani Pimbi alikuwa malaika. Siku ya kwanza alisema, "Bwana Mkuu, unaitoboa." Kifaru akamwambia, "Kaa nyuma, uongozi uko mbele." Basi Pimbi akaenda jikoni, akachukua ukoko na ugali uliobaki, akaziba matundu yote. Juu akapaka masizi, akasugua kwa gunzi la mhindi, shwa shwa shwa, mpaka mtungi ukang'aa kama kipara cha bwana harusi. Wanawe walikula kutoka jungu la karakana hiyo. Akajisemea, "Wakitaka kung'aa, watang'aa."

Siku zikaenda, mitungi ikauzwa mbali, kwa watu wasioweza kurudi kulalamika. Mpaka alipokuja Bi Tembo, jirani wa ng'ambo tu, akachukua mitungi ya harusi ya bintiye.

Asubuhi ya harusi, karakanani walisikia ardhi ikitikisika. Gudu! Gudu! Gudu! Bi Tembo akatokea amejifunga kanga kiunoni, mkonga juu, na nyuma yake msururu mzima wa wana harusi: swala wenye vigelegele, ngedere wenye ngoma, na shangazi mmoja wa kiswala aliyeloa mpaka ukope.

"Nani kafanya mitungi hii?" Bi Tembo alinguruma. "Nimejaza maji ya wageni jikoni, nimegeuka kuchambua mchele, narudi, jiko ziwa! Mafiga yanaelea! Wageni njiani, na sina pa kuweka hata maji ya kunawa! Nitajieni aliyeifanya. Sitampiga wala sitamtukana. Nitamkalia."



Wakuu watatu wakatazamana. Na hapo, watoto, semina ya Korongo ikafanya kazi. Wakasema kwa sauti moja, umoja kamili:

"Ni Pimbi!"

Bi Tembo akainama, akamtafuta Pimbi chini kwa jicho moja. "Ni wewe?"

Pimbi aliangalia makalio ya Bi Tembo, akayaona yalivyo mapana kuliko paa la nyumba yake. Akikimbia, mkonga utamfikia. Akisema ni Kifaru, nani atamsikia yeye dhidi ya watatu? Na akianza kueleza matundu, atafika kwenye ugali.

Basi akapiga goti.

"Shikamoo, Mama."

"Shikamoo yako utaila huko chini. Ni wewe?"

"Mama, wakuu wangu wamesema, nami siwezi kuwaita wakuu waongo. Mitungi iliyovuja ni yangu. Nikalie tu. Ila kabla hujakaa, nina sikitiko moja." Akageuka, akaonyesha mitungi mitatu mikubwa iliyosimama kivulini, inang'aa kuliko yote. "Nasikitika nitakufa bila kumwona mwenye mitungi ile akipewa heshima yake."

Bi Tembo akaitazama. Masikio yakatulia kidogo. "Hiyo nayo ya nani?"

"Ah, Mama! Ile si kazi ya mkono kama wangu. Ile ni ya mkuu. Na kwa desturi, mtungi wa kumwosha miguu bibi harusi hubebwa kichwani na mwenye kuufanya, mbele ya ngoma, mbele ya shangazi, mbele ya watu wote."

"Mbele?" akauliza Kifaru.

"Mbele kabisa, Bwana Mkuu. Hakuna aliye mbele ya mbeba mtungi."

Kifaru akakohoa. "Sikupenda kujisifu," akasema, "lakini mitungi ile ni yangu."

"Yako?" Kiboko akafumbua macho yote mawili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masika. "Nani aliukanda udongo ule? Kiwiliwili hiki hiki!"

"Udongo bila moto ni tope!" Nyati akapiga kwato. "Mitungi ile imetoka katika moto wangu. Ni mimi!"

"Mimi!"

"Ondoka hapa, mfuko wa majani!"

"Mfuko wa majani babako!"

Pimbi akaingia kati kwa kisauti cha unyenyekevu. "Mabwana, msigombane. Mitungi ni mitatu, nanyi ni watatu. Kila mmoja achukue wake. Ila Mama Tembo asije akasema kuna mkono wangu humo, maana mimi ndiye mwenye mkosi."

"Mkono wako?" Kifaru akacheka, hoo hoo hoo. "Naapa kwa pembe yangu, Pimbi hakuigusa mitungi hii hata kwa ukucha."

"Naapa kwa meno yangu," akasema Kiboko, "Pimbi hata kuisogelea hakuisogelea."

"Naapa kwa ndevu za mama yangu," akasema Nyati, "Pimbi hajui hata imefanywaje."

"Mmesikia?" Pimbi akawauliza swala.

"Tumesikia!" wakajibu wote. Swala husikia kila kitu.

Bi Tembo akamtazama Pimbi kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mzee, amezika waume wawili, hakuwa mjinga. Lakini akasema tu, "Jazeni maji."

Wakajaza. Wakuu wakajitwika, kata za majani vichwani, shingo zimenyooka kama mabibi harusi wenyewe. Ngoma ikalia. Ti-ndi! Ti-ndi! Vigelegele vikapaa. Kifaru akasimama mbele. Nyati akampita. Kiboko akampita Nyati. Msafara wa harusi ukaenda mbio bila kukusudia.

Kwanza lilidondoka tone. Ti.

"Ninatoka jasho," akasema Kifaru.

Ti, ti. Ti, ti, ti.

"Jua kali," akasema Nyati.

Halafu ugali ukalainika. Kipande kimoja kilitoka polepole kama konokono, kikateremka kwenye paji la Kifaru, kikafika puani, kikakaa. Kifaru akavuta pumzi. Ugali ukaingia.

"Haa... haa... HAAPCHAA!"

Pwaaa! Mtungi ukapasuka, maji yakamwagika, shingo ya mtungi ikabaki imemkaa puani kama bangili. Nyati akashtuka, akaruka. Mtungi wake mbichi ukayeyuka pale pale, tope likamfunika macho, pembe na kiburi. Kiboko akageuka kuona kuna nini, na wake ukamdidimia mpaka mabegani, akawa anasema humo ndani, "Nani amezima jua? Nani amezima jua?"

Ngoma ikanyamaza. Shangazi wa kiswala akaloa mara ya pili.

"Enhe," akasema Bi Tembo. "Basi mwenye mitungi ni nani?"

"Si mimi! Ni Nyati, amekula majani yote ya kuchomea!"

"Mimi? Kiboko analala ndani ya udongo! Kuna mtungi ulitoka na jino lake!"

"Jino nililitafuta sana," ikasema sauti ndani ya mtungi. "Lakini mwulizeni Kifaru! Anapima kwa pembe! Anatoboa!"

"Natoboa kwa sababu nyinyi mnaleta mitungi laini!"

"Laini kwa sababu wewe, Mkuu wa Wakuu, huangalii kazi yetu!"

Wakasema yote. Yale ambayo Pimbi angeyasema siku nzima bila kusadikiwa, wakayatoa wenyewe kwa pumzi moja, tena mbele ya wana harusi wote.

Bi Tembo akanyoosha mkonga, akachomoa kitu kwenye pua ya Kifaru. Akakinusa. Akakionja.

"Huu ni ugali," akasema. "Tena ukoko. Nani kasonga huu?"

Pimbi akainamisha macho kwa adabu nyingi. "Mama, mimi ningejuaje? Waliapa sikuigusa hata kwa ukucha. Mashahidi ni swala."

"Tulisikia!" wakasema swala.

Kifaru akapiga hesabu. Akimtaja Pimbi, amekula kiapo cha uongo kwa pembe yake mwenyewe. Asipomtaja, ugali ni wake. Akachagua ugali.

"Ni... ni aina ya rangi," akasema.

Bi Tembo akacheka mpaka kanga ikafunguka. Kisha akaacha kucheka ghafla, wakuu wakajikunyata.

"Ningewakalia," akasema, "lakini nikikaa, nani atawanywesha wageni wangu? Mitungi sina. Kiboko, toa kichwa humo. Fungua mdomo. Zaidi. Zaidi! Loo, mpana kama kisima. Hutaufunga mpaka harusi iishe. Nyati, utakwenda mtoni na kurudi, umjaze kwa kibuyu. Kifaru, wewe utasimama na mwenzio, umfukuzie nzi, maana akipiga chafya wote mtaloa na harusi yangu itaharibika. Na hapo nitakaa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wageni walikuja na vikombe vyao, wakachota mdomoni mwa Kiboko.

"Nyati, kimbia, yamepungua!" Kifaru alinong'ona.

"Nakuja, ndugu yangu, nakuja! Mwangalie asimeze!"

"Ghaa," akasema Kiboko, maana yake: nzi, kushoto.

"Nimemwona. Tulia, mwenzangu, tulia."

Hakuna aliyetaka kuwa mbele siku ile, na halikumwagika hata tone. Bi Tembo mwenyewe alikiri hajapata kuona chombo kisichovuja kama kile.

Pimbi alikaa mkekani na wanawe, mikono imejaa mafuta ya pilau. Koo lilipomkauka, aliinuka, akapita katikati ya wakuu wake, akasimama kwa ncha za vidole mbele ya mdomo ule.

"Kwa hisani yako, Bwana Mkuu," akasema, akazamisha kikombe. "Usitikisike, utanimwagia."

Hadithi imefika mlangoni, na funzo lake ni hili: atakaye sifa ya mtungi, akubali na kuloa kwake.