Nyati Alivyoshuka Mlima kwa Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Sema wewe, sisi masikio yetu yako wazi!

Basi pakawa na theluji mpaka kizingitini.

Zamani, theluji ilipokuwa bado inashuka hadi pale ambapo leo watu wanalima viazi, palikuwa na kijiji cha pimbi mlimani. Nyumba zake za mawe, mapaa yake yamechongoka hivi, ili theluji isilale juu. Ikijaa, inaporomoka yenyewe: poroporo, puu! Kila msimu wa baridi wanyama wa bondeni walipanda kutembea. Swala walikuja, ngiri walikuja, hata kobe alikuja, ila yeye alifika wenzake wakifungasha. Walikaa juu ya mbao, wakateremka: shwiii! Wakapanda tena, wakateremka tena: shwiii! Jioni walikunywa uji wa ulezi na asali katika nyumba kubwa ya Bi Mare.

Bi Mare alikuwa pimbi mjane. Mbao zile alizichonga marehemu mumewe, Baba Ndeli. Na mlango wa nyumba ile, mwerezi mtupu, mpana, laini kama yai, ulikuwa kazi yake ya mwisho. Kila asubuhi Bi Mare aliupapasa akasema, "Umeamkaje, Baba Ndeli?"

Msimu mmoja akaja Nyati. Puh! Puh! Hakupiga hodi. Akaingia, akajilaza motoni, nyumba ikajaa.

"Moto huu wa nani?"

"Wa wageni wote, bwana."

"Wangu. Chungu hiki cha nani?"

"Cha wageni wote, bwana."

"Changu. Asali hii ya nani?"

Asali ilikuwa imeshamezwa.

Siku ya kwanza wageni wakalala nje. Siku ya pili wakalala nje. Siku ya tatu mtoto wa Swala akaanza kukohoa, kho, kho, na mama yake akafunga mzigo.

"Tunashuka, dada. Na mwakani usitutazamie."

Moyo wa Bi Mare ukauma. Kijiji bila wageni, kwake kilikuwa msiba wa pili. Akaingia ndani, akaketi karibu na kwato za Nyati, akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini, wewe kidudu?"

"Nisamehe, bwana. Nacheka kuona mkubwa kama wewe anakunywa chungu cha watoto. Chungu cha wakubwa kiko chini, mteremko unapoishia."

"Kikubwa?"

"Hata wewe unaingia ukaoga."

"Nakwenda!"

"Kwa miguu hukipati, bwana. Wa miguu hukuta kimeshalambwa. Hukipata anayeteleza."

"Nipe ubao!"

Wageni wakaleta ubao, akaukalia: kacha! Wakaleta wa pili: kacha! Nyati akanuna, akageuka kurudi motoni. Bi Mare akautazama mlango. Akautazama tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ng'oeni huu."

Wakaung'oa, wakaulaza ukingoni. Nyati akauketia, miguu juu. Bi Mare akaweka kiganja juu ya mwerezi, hakukiondoa upesi.

"Nenda salama," akasema.

"Asante," akajibu Nyati, akidhani anaagwa yeye.

Wote wakasukuma. Haya, hooop!

Shwiiii! Akapita theluji. Ka-ka-ka-ka! Akapita mawe. Fyaa! Akapita majani. Chubwi! Akaingia kwenye dimbwi la bondeni. Chungu hakukiona. Tope aliliona, jingi, na kuoga akaoga.

Jioni ile nyumba ilikuwa wazi. Upepo ukaingia: fyuu, fyuu. Swala wakaenda kuketi kizingitini, mgongo kwa mgongo, wakaziba pengo kwa miili yao. Walipochoka, ngiri wakashika zamu. Uji ukachemka. Bi Mare akamfunika mtoto wa Swala, akasikiliza. Hakukohoa.

Siku hizi theluji imepanda, imejifungia kileleni, na hakuna anayekwenda tena. Lakini ukimkuta Nyati topeni, mwulize habari za mlimani. Atainua macho kule juu, aseme, "Nilishuka kwa kasi. Ah, jamani, nilishuka kwa kasi!"

Ngano yangu imeteleza, imefika chini. Mwenye baridi na aiote.

Na funzo lake, watoto, ni hili: mdogo asimdanganye mkubwa hata siku moja. Na mgeni mzito akiwaelemea nyumbani, msimfukuze, ni aibu. Msukumeni kwa adabu.